Filimbi ya ganda la risasi yasimamisha mechi Gwarama

NA MWANDISHI WETU, KAKONKO

DAKIKA ya 70 na ushei, mabao hakuna. Winga wa timu ya wageni anachomoka upande wa kulia, anamwacha beki wa kwanza, anamwacha wa pili, anamimina krosi ndani ya boksi. Ghafla, priii! Filimbi. Mabeki wa Gwarama wanasimama. Kipa anashusha mikono. Straika wa wageni yeye hana habari, anaugusa mpira kwa mguu wa ndani, unajaa kambani.

Wageni wanashangilia, wenyeji wanamzonga refa. Wanataka kujua bao gani limefungwa baada ya filimbi. Refa, ambaye siku za kazi ni mwalimu wa shule ya msingi, ananyoosha mkono juu na kuwaonyesha filimbi yake. Ilikuwa mkononi muda wote. Hakuipuliza.

Sasa nani kapuliza? Macho yote yakageukia nyuma ya goli. Pale alikuwa amesimama dogo mmoja wa miaka kumi hivi, ameganda kama nguzo, kashika kitu cha njano kinachong'aa, urefu wa kidole. Lilikuwa ganda la risasi.

Kwa wasiojua, ganda tupu la risasi ukiliweka kwenye mdomo wa chini na kupuliza kwa pembeni, kama unavyopuliza kifuniko cha kalamu, linatoa mlio mkali kushinda filimbi nyingi za madukani. Watoto wengi wa maeneo yaliyopitiwa na bunduki wanalijua hilo.

Refa alifanya kazi yake vizuri. Sheria ya 5 ya soka inasema shabiki akipuliza filimbi, na mwamuzi akaona imeingilia mchezo, mchezo unasimamishwa na unaanza tena kwa kudondosha mpira. Kwa kuwa mpira ulikuwa ndani ya boksi, akamdondoshea kipa. Bao likafutwa, mechi ikaisha 0-0, wageni wakaondoka wananung'unika.

Mimi nilikuwa nimekuja Gwarama kutafuta habari ya vipaji. Mkoa wa Kigoma una historia yake kwenye kandanda, na tangu Mashujaa FC ipande Ligi Kuu msimu wa 2023/24, vijana wa huku juu milimani nao wanaota kucheza Uwanja wa Lake Tanganyika. Hiyo ndiyo stori niliyotumwa. Lakini baada ya filimbi ile, stori ikahama.

LIPO JINGINE NYUMBANI

Pembeni ya uwanja, chini ya mti, alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye ujana wake aliumaliza kwenye kambi za uwindaji wa kitalii katika Pori la Akiba la Moyowosi, akibeba mizigo na kufuata nyayo za nyati. Alimwita yule dogo. Dogo akaja anaburuta miguu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Lete hicho."

Mzee akaligeuza ganda, akaangalia kitako chake. Katikati ya kitako kuna kiduara kidogo, ndicho kiwashio. Pini ya bunduki inakigonga, kinatoa cheche, baruti inawaka. Kiduara cha ganda lile kilikuwa na shimo la kugongwa. Mzee akatikisa kichwa: limeshalia, halina kitu ndani. Akamuuliza dogo amelitoa wapi. Shambani kwa bibi, wakati wa kulima.

"Yapo mengine?"

"Lipo moja nyumbani, babu. Ila lile lina kichwa."

Waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Ganda lenye kichwa si ganda tena. Hiyo ni risasi nzima, na ilikuwa kwenye nyumba ambayo watoto wanalala.

Mzee hakupiga kelele. Alimtuma kijana mmoja wa bodaboda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwingine akaenda kwa mama wa mtoto na ujumbe mmoja tu: watu watoke chumba kile na asiguse mtu. Mwenyekiti akapiga simu polisi. Kuanzia hapo ikabaki kusubiri, na huku barabara za vumbi na vilima zinaamua mgeni afike saa ngapi.

Tulipokuwa tunasubiri ndipo mzee alipoanza kunisimulia habari za maganda. Nilidhani ataniambia habari za vita. Aliniambia habari za usafi.

WALIOKOTA GANDA KABLA YA NYATI

Mzee anasema kule Moyowosi kitu kilichomshangaza zaidi kwa wageni hakikuwa bunduki zao za bei mbaya. Ilikuwa ni namna walivyojali maganda. Mtu amepiga nyati, nyati ameanguka, wenzake wanakimbia kupiga picha, yeye ameinama kwenye nyasi anatafuta ganda lake. Akilipata analifuta na shati, analiweka kwenye kiboksi chenye vishimo, kila ganda na nafasi yake. Vijana wa kambi walikuwa wanacheka: mzungu kaja na ndege kutoka Marekani, analilia kipande cha shaba.

Kumbe jamaa walikuwa na akili zao. Katika risasi ya bunduki kubwa kama ile ya 375 inayopendwa na wawindaji, mara nyingi ganda ndilo lenye gharama kubwa kuliko kiwashio, baruti na kichwa. Vitu vitatu hivyo vikishatumika vimekwenda. Ganda linabaki. Ukilitunza, unaweza kulijaza tena na tena. Na wanaofanya hivyo zaidi kuliko wawindaji ni wanamichezo.

Ndiyo, wanamichezo. Kulenga shabaha kulikuwepo kwenye Olimpiki ya kwanza kabisa ya kisasa, Athens mwaka 1896. Mwanzilishi wa michezo hiyo, Pierre de Coubertin, mwenyewe alikuwa mlenga shabaha kwa bastola. Jirani zetu Kenya wanao mchezo wa kulenga shabaha wa vitendo, ule ambao mtu anakimbia kutoka kituo hadi kituo huku akipiga mbao na saa inahesabu.

Kwenye Olimpiki huwezi kuona sana habari ya kujaza maganda. Bunduki na bastola za kule zinatumia upepo au risasi ndogo za namba 22, na ganda la 22 kiwashio chake kimemiminwa kwenye ukingo wa kitako. Likilia mara moja, kazi imekwisha. Mambo ya kujaza upya yapo kwenye mashindano ya masafa marefu na kwenye mchezo wa vitendo. Huko mtu mmoja anaweza kufyatua mamia ya risasi kwa wiki akiwa mazoezini tu. Akinunua mpya kila siku, atauza nyumba.

Tena kwenye mchezo wa vitendo risasi zako zinapimwa kwenye mashindano. Wanapima uzito wa kichwa, wanapima kasi, wanazidisha. Ukipungukiwa kiwango cha chini, unaruhusiwa kukimbia na kupiga, lakini pointi huhesabiwi. Ni sawa na timu kucheza dakika 90 halafu ikaambiwa mabao yenu hayaingii kwenye msimamo kwa sababu hamkukaguliwa viatu.

SABUNI, NDIMU NA PINI

Ganda likishalia linatoka jeusi. Lina masizi ndani, lina uchafu kwenye kitundu cha kiwashio, nje lina vumbi na alama za vidole. Ukilijaza hivyo hivyo, mchanga unakwaruza mashine na chemba ya bunduki, na ufa mdogo unaweza kujificha chini ya masizi usiuone. Kwa hiyo kwanza lazima lioshwe.

Njia ya zamani ni kavu. Maganda yanawekwa kwenye chombo kinachotetemeka pamoja na kitu cha kusugua, na kitu chenyewe ni magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi haya haya! Nilipomwambia mzee kwamba wenzetu wanayanunua kwenye mifuko, alicheka hadi akashika mbavu. Gwarama magunzi ni kuni.

Njia ambayo wengi wameihamia ni ya maji. Unakuwa na pipa dogo linalozungushwa na mota, kama mashine ndogo ya zege iliyolala. Ndani yake unaweka maganda ambayo kiwashio cha zamani kimeshatolewa, maji, matone machache ya sabuni ya vyombo, na chembe za asidi ya sitriki, yaani ule ukali wa ndimu. Halafu unamwaga pini za chuma kisichoshika kutu, maelfu kwa maelfu. Kila pini ina unene wa milimita 1 hivi na urefu wa milimita 6 na kidogo.

Unafunga, unawasha, pipa linazunguka taratibu kwa saa 1 hadi 4, kutegemea mashine na uchafu. Kazi yote inafanywa na pini. Kwa wembamba wake zinaingia ndani ya ganda, zinaingia kwenye kitundu cha kiwashio, zinasugua pembe ambazo kitambaa wala gunzi havifiki. Sabuni inabeba masizi, ndimu inaondoa weusi. Mama zetu wanaosugua sufuria kwa majivu na ndimu wangeielewa kazi hii bila kufundishwa. Ganda linatoka linang'aa ndani na nje kama limetoka kiwandani.

Lakini usafi nao una masharti yake. Pini zinachambuliwa kwa sumaku, na kila ganda linakaguliwa, kwa sababu pini moja iliyonasa kwenye kitundu cha moto inaweza kuharibu mambo siku ya kufyatua. Ganda lazima likauke kabisa, maana tone moja la maji linaharibu baruti. Wengine wanaanika juani, wengine wanatumia kikaushio cha matunda. Ukilikausha kwa moto mkali unalilainisha kitako, na kitako ndicho kinachobeba shinikizo lote. Ukilizungusha muda mrefu mno, midomo yake inagongwa na kupinda. Ukilisahau kwenye asidi usiku kucha, zinki inaanza kutoka na shaba inabaki na rangi ya wekundu wekundu.

Maji ya kuoshea nayo ni sumu. Viwashio vingi vina madini ya risasi, na hapa Kiswahili chetu hakikukosea kuita madini na kitu chenyewe jina moja. Madini hayo yanaingia mwilini polepole na yanaumiza zaidi watoto. Wanaojua wanavaa glovu, wananawa, na maji yale hawayamwagi mtoni wala kwenye bustani ya mchicha.

FARASI WALIOPASUA RISASI

Ganda zuri ni shaba ya njano: asilimia 70 shaba nyekundu, asilimia 30 zinki. Limechaguliwa kwa sababu lina tabia ya beki mzuri. Risasi ikilia linatanuka na kuziba chemba, moshi usirudi usoni kwa mpigaji. Shinikizo likishuka linajirudi, linatoka kirahisi. Lakini kila likitanuka linachoka kidogo. Siku moja linapasuka.

Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu huko India. Risasi zao zilikuwa zinapasuka zenyewe stoo, hasa msimu wa mvua, bila kufyatuliwa. Mwaka 1921 wataalamu wakaeleza chanzo: amonia. Stoo zilikuwa kwenye mabanda ya farasi, na mvuke wa mkojo wa farasi pamoja na unyevu ulikuwa unaitafuna shaba iliyokuwa na mkazo ndani yake. Mpaka leo anayesafisha maganda anaambiwa asitumie dawa yenye amonia hata kama inang'arisha.

Ndiyo maana walenga shabaha makini wana daftari. Ganda hili limelia mara ngapi, limeoshwa lini, limenunuliwa wapi. Kwenye benchi lao kuna kanuni moja iliyo juu ya zote: ganda usilojua historia yake, usilijaze. Hata ling'ae namna gani.

Kanuni hiyo niliirudia kichwani mara kadhaa jioni ile, nikimwangalia yule dogo aliyekaa kwenye jiwe na mikono mapajani.

MILIMANI HAKUNA DAFTARI

Maana maganda ya Gwarama ndiyo hayo: hayana historia inayojulikana. Kata hii ipo Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, na Burundi haipo mbali. Mwaka 1972 watu walivuka mpaka wakikimbia kuuawa. Mwaka 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye, wakavuka tena kwa maelfu. Mwaka 2015 vilevile. Kambi ya Mtendeli, hapa hapa Kakonko, imefungwa mwaka 2021, na Nduta ipo Kibondo. Mtu anayekimbia hubeba mtoto na sufuria, hivyo si haki kuwanyooshea kidole wakimbizi. Lakini bunduki nazo zilipita kwenye njia zile zile, mikononi mwa wapiganaji, majambazi wa barabarani na majangili wa porini. Kila aliyefyatua aliacha kitu kwenye nyasi.

Ganda alilopulizia dogo lilikuwa la shaba, na mzee alisema kwa umbo lake si la AK-47. Maganda ya AK mara nyingi ni ya chuma kilichopakwa rangi, sumaku inayanasa, na kiwashio chake kimetengenezwa kwa namna isiyojazika kirahisi. Basi lilikuwa la bunduki gani, la nani, la mwaka gani? Hakuna aliyejua. Bibi wa mtoto alilima shamba lile miaka mingi.

Hatari haiishii kwa watoto. Wapo vijana wanaookota shaba kuwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwenye gunia la mabomba na koki za maji, risasi moja nzima ikijichanganya na kwenda kugongwa nyundo au kutupwa kwenye tanuri, kuna mtu atapoteza jicho au vidole. Wapo pia mafundi wanaodhani wanaweza kujaza ganda la kuokota kwa ajili ya gobore. Hapo sheria ipo wazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki au kutengeneza risasi bila kibali. Na kabla sheria haijamfikia, bunduki inaweza kumpasukia usoni.

Mmoja wa vijana tuliosubiri naye alivaa jezi ya Arsenal, yenye mzinga kifuani. Sisi waandishi tunaiita timu ile Washika Mitutu bila kufikiri. Lakini timu ile ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal, Woolwich, London, na jina lake la kwanza, Dial Square, lilikuwa la karakana ndani ya kiwanda hicho. Wale watu walitengeneza silaha mchana, jioni wakacheza mpira. Nasi kila siku tunaandika straika kafyatua kombora, kipa kalipuliwa. Nilikaa pale nikaona maneno yetu ni mepesi sana ukiwa na mtoto mwenye risasi ya kweli nyumbani.

RISASI MOJA, GANDA MOJA

Askari wawili walifika jua likiwa limeshaanza kuzama nyuma ya migomba. Hawakumfokea mtoto. Waliingia ndani, wakatoka na kitu kwenye kopo, wakamuuliza mama maswali machache, wakamuuliza bibi ni sehemu ipi ya shamba. Mmoja akatoa daftari na kuandika: risasi moja, ganda moja. Halafu akawaambia waliokusanyika kwamba anayekuta kitu kama kile asikiguse, asikigonge, asikitie motoni. Aweke alama kwa jiwe au mti, amwite mwenyekiti au polisi. Aliongeza kwamba anayetoa taarifa si mhalifu. Naona hilo ndilo lililowafanya watu wapumue, maana wengi walikuwa wanaogopa kusema walichonacho.

Mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Kuna kitu cha njano mwanawe anakifungia kamba ya ng'ombe. Askari wakawasha tena pikipiki, safari hii kuelekea kwake.

Mzee wa Moyowosi alisimama, akajifuta vumbi. Nikamuuliza kama kule porini aliwahi kuruhusiwa kubaki na ganda hata moja la kumbukumbu. Akasema hapana. Wageni walikuwa wanahesabu asubuhi na wanahesabu jioni. Likipungua moja, watu wote mnarudi kwenye nyasi na tochi.

"Sisi tulidhani ni ubahili," alisema. "Lakini mwanangu, hesabu ile ingekuwepo huku, yule mtoto angepulizia kidole."

Timu hizo mbili zinarudiana Jumamosi ijayo, safari hii kwa wageni. Refa ni yule yule mwalimu. Ameniambia mashabiki wote watasimama hatua kumi kutoka kwenye goli, na yule dogo wa Gwarama amempa kazi ya kuokota mipira inayotoka nje. Filimbi, kasema, uwanjani itakuwa moja tu.